Nimepewa cheo cha mkuu wa ubora kiwandani, lakini chini ya mkuu wa uzalishaji. Nikubali?

Binti_BelAir

Jamani, habari za jioni. Naomba mawazo ya waliokwishafanya kazi viwandani, hasa akina mama, maana nyumbani kila ninayemuuliza jibu ni moja: pokea, dola haina harufu.

Niko Lubumbashi. Huu ni mwaka wangu wa nne kwenye labo ya kiwanda cha unga wa mahindi. Lori likifika kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, napanda juu na sonda (bomba refu la chuma la kuchotea mahindi), natoa mahindi, napima unyevu, naangalia punje zilizooza na wadudu, naandika kwenye daftari. Unga ukitoka naangalia rangi, chenga na uzito wa mfuko. Aliyekuwa mkuu wetu wa kalite amehamia Kolwezi kwenye migodi (nani hahamii Kolwezi siku hizi?), na wiki iliyopita bosi aliniita akaniambia kiti ni changu.

Ningefurahi, lakini kuna mawili yananikaba.

Kwenye karatasi waliyonionyesha, mkuu wa ubora yuko chini ya mkuu wa uzalishaji. Huyo papa simsemi vibaya, ni mtu wa watu, lakini yeye anahesabiwa kwa tani. Mwezi wa nne, mahindi mapya ya kwanza yalipoanza kuingia, lilikuja lori la tani 30. Juu yalikuwa makavu, asilimia 13. Nikazamisha sonda mpaka chini, nikapima, ikasoma 16.2. Nikaandika "LISISHUSHWE" kwa biki nyekundu, nikaenda kula. Kurudi, nakuta lori linatoka getini tupu na dereva ananipungia mkono. Kuuliza, nikaambiwa: "Mama, mji unatafuta bukari (ugali), wewe unatuletea nambari." Siku ile jina langu halikuwa popote pale. Nikiwa mkuu, sahihi ya chini kabisa kwenye ile karatasi itakuwa yangu.

La pili ni ekipi (zamu) ya usiku. Wanaume 22, wengi wamenizidi umri kwa mbali. Wananiita Polisi. Nikiingia tu redio inazimwa na kila mtu anashika ufagio. Mmoja aliniuliza mbele ya wenzake: "Wee mama, unatafuta nini ku mashini? Labo iko kule." Wakacheka, na mimi nikacheka kama mjinga, nikarudi labo.

Halafu bosi ameongeza kwamba anataka "uboreshaji endelevu" uwe umeanza kabla ya Desemba. Amelisikia neno hilo kwenye mkutano fulani. Anavyolitamka utadhani ni mashine inayokuja kwa kontena.

Nikubali? Na nikikubali, naanzia wapi?

Fundi_Likasi

Dada, pokea kwanza, mengine utayajulia mbele ya safari. Ukikataa wataleta mtu asiyejua hata sonda inashikwa upande gani, na wewe ndiye utakayemfundisha kwa mshahara uleule. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Kuhusu redio, waambie wasiizime. Mimi ni fundi mitambo, najua redio ikizimwa maana yake kuna kitu kimefunikwa turubai.

Mama_Mizani

Mdogo wangu, usipokee bado. Na usikatae. Kuna swali moja hujamuuliza bosi wako, nitalifikia. Nivumilie, miye nikishika simu nakuwa mrefu.

Nilianza mwaka 2003 kwenye mstari wa chupa. Si hapa kwenye unga, kwenye vinywaji. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye stuli mbele ya taa nyeupe, chupa zilizooshwa zinapita kabla ya kujazwa, nitoe chafu. Ukikaa mbele ya ile taa dakika ishirini macho yanaanza kukudanganya: unaona chupa, lakini huzioni. Siku moja mrija wa plastiki ulinipita ndani ya chupa, ukajazwa, ukafungwa kizibo, ukafika kwa mteja. Nilipewa barua ya onyo. Niliilia ile barua wiki nzima, nikijiona mzembe.

Miezi ilipita, fundi mmoja akafungua mashine ya kuoshea, akakuta pua tatu za kunyunyizia maji zimeziba kwa chokaa. Yaani chupa za safu ile zilikuwa hazisukumwi maji ya kutosha kung'oa kitu chochote kilichonasa ndani. Siku ya onyo, hakuna aliyewaza kuitazama mashine. Walitafuta mtu, wakampata, ni miye niliyekaa kwenye stuli. Tangu siku ile, nikisikia "nani kafanya?" kiwandani, masikio yanafunga yenyewe.

Sasa hiyo Polisi wanayokuita. Hawakuoni wewe, wanaiona barua ya onyo mkononi mwako. Mkuu aliyehamia Kolwezi alikuwa akiandika majina? Jibu unalo.

Huo "uboreshaji endelevu" nao nikuchekeshe kidogo. Mwaka fulani tuliletewa mwalimu kutoka nje atufundishe mambo ya viwanda vya Wajapani, zile za Toyota. Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa MUDA, akageuka akatuuliza: "Hapa kwenu kuna muda?" Ukumbi mzima ukatazama saa ya ukutani. Papa mmoja wa ghala akajibu kwa heshima zote: "Upo, mpaka saa kumi." Kumbe kwa Kijapani muda ni upotevu, kitu kinachokula nguvu na pesa bila kumfaa mnunuzi: kusubiri, kubeba kitu huku na kule, kutengeneza kingi kuliko kinachotakiwa, kurudia kazi iliyoharibika. Mwalimu alipoeleza tulicheka mpaka machozi, halafu tukanyamaza, maana kiwandani kwetu muda wa Kiswahili na muda wa Kijapani vilikuwa kitu kimoja. Watu sita walikuwa wakisubiri palepale mtu mmoja mwenye ufunguo.

Hilo la ufunguo ndilo lililonifundisha kazi. Nilikuwa nimehamia kwenye unga. Mifuko ilikuwa inapasuka kwenye mshono ikifika depo, na kesi zote ni za ekipi ya usiku. Bosi akasema wa usiku wavivu, wakatwe. Nikaomba siku tatu. Nikaenda usiku, nikakaa karibu na cherehani ya kushonea mifuko, sikusema kitu. Saa saba za usiku nikaona mshono unaruka: nukta, nukta, pengo, nukta. Kwa nini unaruka? Sindano butu. Kwa nini haibadilishwi? Mpaka ivunjike. Kwa nini mpaka ivunjike? Kwa sababu sindano mpya ziko kabatini kwa mtunza ghala, na mtunza ghala anarudi kwake Ruashi saa kumi na moja jioni na ufunguo mfukoni. Kwa nini zimefungiwa? Kwa sababu miaka mingi nyuma zilipotea sindano kumi, mtu akakatwa mshahara, na tangu hapo zikafungiwa. Yule aliyekuwa akishona usiku alikuwa anainoa sindano kwenye sakafu ya saruji. Kwa mkono! Mvivu gani ananoa sindano saa saba za usiku?

Tuliweka sindano sita kwenye kopo tupu la nyanya, likafungwa kwa waya juu ya cherehani. Asubuhi zinahesabiwa, mpya na zilizotumika, jumla sita. Mifuko iliacha kupasuka. Si yote, sitakudanganya, nyuzi mbovu zilituletea shida baadaye. Lakini barua za kukata mshahara zilikoma, na ukiniuliza, huo ndio uboreshaji endelevu. Hauji kwa kontena.

Naja kwenye mizani, maana ndipo nilipopatia jina. Mifuko yetu ya kilo 25 ilikuwa inalalamikiwa, mingine mizito, mingine pungufu. Nikachukua daftari la miraba la mwanangu la hesabu. Kila saa napima mifuko mitano iliyofuatana, natafuta wastani wake, naweka nukta. Siku ya kwanza nukta zilikuwa kama mavi ya mbuzi, hazina maana. Siku ya nne nikaona: kila asubuhi zinaanza juu, 25.6, 25.5, na kadiri mchana unavyokwenda zinateremka, jioni 25.1, nyingine chini ya 25. Kila siku mteremko uleule, kama njia ya kwenda mtoni. Mtu mchovu hatelezi kwa mpangilio namna hiyo, nikajua ni mashine.

Nikasimama pale na taa ya simu. Unga ulikuwa unaganda kwenye ile sehemu inayoshika mdomo wa mfuko, pale mizani inapobebea uzito. Kila saa unaongezeka kidogo, na mizani inauhesabu kama umo ndani ya mfuko. Kwa hiyo jinsi unavyoganda, mfuko unapungua. Mwendeshaji, ambaye si mjinga, alishajua jioni atalalamikiwa, basi asubuhi anaweka mizani juu, 25.5, apate akiba ya kuteremkia. Dawa ilikuwa brashi ya rangi ya kununua sokoni, komini yetu ya Kenya. Kila saa anapiga brashi, anairudisha mizani sifuri. Baada ya wiki mbili tuliweza kushusha kipimo mpaka 25.1 bila mfuko kwenda chini ya 25. Tulikuwa tunafunga mifuko 3,000 kwa siku, na wastani ulikuwa umeshuka kwa gramu 300. Piga hesabu: kilo 900 kila siku, mifuko 36 tuliyokuwa tunaigawa bure bila mtu kutushukuru. Bosi alilitaka lile daftari alifungie kwenye sefu. Nikamwambia ni la mwanangu, ana mtihani.

Sasa swali lako. Usimuulize bosi utakuwa chini ya nani. Muulize hivi: nikiandika HAPANA kwenye lori, nani ana ruhusa ya kuifuta, na ataandika jina lake wapi? Wakikujibu ni mkuu wa uzalishaji peke yake, basi wamekupa kiti na biki isiyo na wino. Wakikubali kwamba HAPANA yako inafutwa na mkurugenzi tu, tena kwa maandishi, saa na tarehe, hata wakikuchora chini ya mpishi, pokea. Mengi ya hayo malori yatakosa mtu wa kuyafutia, utaona. Mtu anafuta kwa mdomo kirahisi sana.

Na siku nyingine usipeleke asilimia. Peleka kilo. Tani 30 kwenye unyevu wa 16 zina tani 25.2 za mahindi yenyewe, iliyobaki ni maji. Mahindi hayohayo yangekuwa 13.5, kikomo kinachokubalika, yangepima tani 29.13 hivi. Maana yake, kama lori zima lilikuwa 16, siku ile bosi wako alinunua maji kilo 867 kwa bei ya mahindi, na dereva alikupungia mkono kwa furaha, sikosei?

Fundi_Likasi

Mama Mizani, hiyo ya kopo la nyanya naiiba.

Ila niongeze kitu kwa dada. Ukianza kuchora zile nukta, waendeshaji watazitazama na kila nukta ikipanda kidogo watashika kifungo. Wakataze. Mfuko mmoja mzito, anashusha. Unaofuata mwepesi, anapandisha. Mwisho anayumbisha mizani kuliko ilivyokuwa inayumba yenyewe. Ni kama dereva mwanafunzi kwenye njia ya Kipushi, usukani hautulii, gari linacheza dansi. Mpaka nukta itoke nje ya mistari ya mpaka (ile inayochorwa juu na chini ya wastani kuonyesha kuyumba kwa kawaida), au zijipange saba nane upande mmoja, mikono mfukoni.

Yaya_Ruashi

Binti, mimi sikufanya unga, nilifanya sabuni, lakini nimecheka na hilo la "unatafuta nini ku mashini". Kuna mama Mmarekani, Lillian Gilbreth, alikuwa akifanya kazi hizihizi na mumewe, kupima mienendo ya wafanyakazi ili wasichoke bure. Watoto 12. Mumewe akafariki mwaka 1924, na wateja wengi wa viwandani wakamkimbia kwa sababu amebaki mwanamke peke yake, ingawa alikuwa na udaktari wa chuo kikuu tangu 1915. Akaingia kwa mlango wa jikoni: akawapangia majiko na sehemu za kazi za nyumbani, viwanda vikamrudia vyenyewe. Na mwaka huohuo wa 1924, Mmarekani mwingine, Walter Shewhart, alikuwa anachora kwenye karatasi moja ile chati ya nukta na mistari ya mpaka anayoisema Fundi. Miaka mia moja, na bado wanatuuliza tunatafuta nini.

Lakini usiwajibu kwa historia, watakuchoka. Nenda na thermosi ya chai.

Papa_Kasapa

Nimesoma yote, na kwa heshima ya mama zangu hapa, niseme upande wa pili, maana nimekuwa mkuu wa uzalishaji miaka kumi na miwili na nimezeeka nayo.

Binti yangu, uliandika LISISHUSHWE halafu ukaenda kula. Umemwachia nani lile lori? Dereva anadai pesa ya kila siku anayosimama. Vinu vina mahindi ya saa tano tu. Umeme uliokatika usiku umerudi na hujui utakaa mpaka lini. Getini kuna wanawake wenye mifuko mitupu tangu asubuhi. HAPANA yako ilikuwa sawa kabisa, lakini ilikuwa nusu. Wewe umeondoka na nambari, mimi nimebaki na lori. Unadhani nitafanya nini?

Watu wa ubora niliowaheshimu walikuwa wakija na HAPANA mkono mmoja na njia mkono wa pili. "Papa, hili la 16 lisiende ghalani, litaoza. Kuna njia mbili: lirudi, au tupunguze bei kwa uzito wa maji, limwagwe kwenye turubai lianikwe, au liingie kinuni leo leo likichanganywa na lile kavu la jana." Huyo hata akiniamsha usiku naamka. Na mimi nilikuwa na mmoja kama huyo, mwanamke, nilimwogopa kuliko mkurugenzi, sababu alikuwa hakosei.

Na kuhusu nani yuko chini ya nani, msihangaike sana na visanduku. Nimeona wakuu wa ubora waliochorwa pembeni kabisa ya mkurugenzi, na hawakuwa na nguvu ya kusimamisha hata toroli.

Mama_Mizani

Papa Kasapa, hilo la nusu nakupa. Na mimi nilikuwa hivyohivyo nikiwa kijana, naandika nyekundu naondoka, najiona shujaa.

Ila hapo pa "kuchanganywa na lile kavu" niweke jiwe. Maji, sawa, changanya na usage leo. Lakini mahindi yaliyoloa yakikaa na joto, kuvu huingia, na baadhi ya kuvu hizo huacha sumu, sumukuvu. Hiyo haiondoki kwa kuanika wala kwa kusonga bukari, moto wa jikoni hauiwezi. Mwaka 2004 huko Kenya (nchi, siyo komini yetu) mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliua watu 125. Na 2024 Zambia, kwa jirani tunakochukulia, mbwa walikufa kwa unga na viwanda vikaambiwa virudishe mifuko. Sumu ukiichanganya na mahindi mazuri hujaipunguza, umeigawia watu wengi zaidi. Kwa hiyo, Papa, mchanganyiko ni baada ya kipimo cha sumukuvu, siyo kabla. Vile vijiti vya kupimia vinakupa jibu kwa dakika chache tu, havizidi muda wa dereva kunywa chai. Kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako nasi tumeingia tangu 2022, ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla, na 5 kwa ile kali kuliko zote, B1. Juu ya hapo hakuna turubai, hakuna bei, hakuna njia ya pili. Lirudi.

Binti, hilo ndilo la kuandikisha kwenye barua kabla ya cheo. Kwa unyevu unaweza kujadiliana. Kwa sumukuvu hata mkurugenzi asiwe na biki ya kufutia.

Papa_Kasapa

Hapo sina neno. Jiwe limekaa.

Binti_BelAir

Nimekuwa kimya siku tisa, mniwie radhi. Yaliyotokea ni haya.

Nilikwenda kwa bosi na kilo, kama alivyosema Mama Mizani. Nilikuwa nimeziandika kwenye karatasi, lakini hakuisoma, alichukua kikokotoo akapiga mwenyewe. Mara ya kwanza alipata nyingine, akapiga tena, ikatoka 867. Akakaa kimya. Halafu akauliza malori mengine yalikuwaje. Nikafungua daftari, na hapo ndipo aibu iliponipata mimi. Tangu mwezi wa nne tumepokea malori 41, na kwa malori 28 tuna kipimo cha juu tu, sonda haikufika chini. Hata mimi, siku za mvua, nilikuwa naishia juu. Nilimwambia ukweli. Akasema basi hatujui tumenunua maji kiasi gani. Nikasema ndiyo, hatujui. Sasa kila lori ni sehemu tano, kila moja juu, katikati na chini, na dereva anasimama pembeni akiangalia.

Barua bado haijasainiwa. Sanduku langu limebaki chini ya uzalishaji, hilo wamekataa kabisa kulihamisha. Lakini wamekubali ule mstari wa HAPANA: kufuta ni mkurugenzi tu, kwa maandishi, na kwa sumukuvu hakuna kufuta. Mkuu wa uzalishaji aliusoma mara mbili. Nilidhani atakasirika. Aliuliza tu: "Na hizo njia mbili utakuja nazo?" Sijui kama Papa Kasapa anamfahamu, au wote mnaongea hivyo.

Ekipi ya usiku. Nilikwenda Alhamisi na thermosi. Redio ikazimwa, nikaomba iwashwe. Nilikaa karibu na cherehani, na nilikuwa nimejiandaa kuona sindano butu, maana nilijua hadithi. Sindano zao ziko sawa kabisa. Usiku kucha sikuona kitu. Saa tisa nilikuwa nasinzia, yule yule papa wa "unatafuta nini ku mashini" akaja kuchukua chai, akasimama, akaninong'oneza: "Kuya uone."

Akanipandisha ngazi mpaka kwenye machekeche. Akafungua moja, akanimulikia kwa simu. Wavu ulikuwa umechanika urefu wa kiganja, na umeshonwa kwa uzi wa mifuko, mishono mizuri, ya mtu anayejua. Pembeni nyaya mbili za wavu zilikuwa hazipo. Nikauliza ziko wapi. Akanyanyua mabega. Nikauliza tangu lini. Akasema tangu kabla ya Pasaka, na aliyeripoti la mwaka jana alikatwa siku tatu, ndiyo maana walijifunza kushona.

Nilisimamisha mstari ule. Ni mara yangu ya kwanza kusimamisha kitu. Mikono ilikuwa inatetemeka, na nilimpigia mkuu wa uzalishaji saa tisa na nusu usiku, nikamwambia: chekeche limechanika, waya umepotea, mifuko ya leo na jana izuiwe ghalani, na njia ni hii: tupitishe unga upya kwenye sumaku na chekeche la mstari wa pili, mstari huo wa pili unaweza kuendelea, tutapoteza saa sita. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Akasema: "Fanya. Nakuja."

Waya mmoja tuliukuta kwenye sumaku. Wa pili tulimaliza mifuko yote iliyokuwa ghalani hatukuuona, na ya juzi yake ilikuwa imeshakwenda depo. Tumeifuata, imerudi sehemu kubwa, bado tunaipitisha.

Wakati tunashuka ngazi yule papa alinishika mkono wa gauni, akasema: "Polisi, usiandike jina." Nilikuwa na daftari mkononi. Nimeandika: chekeche namba 3, limechanika, limeshonwa, tangu kabla ya Pasaka.